Ninauza trekta la marehemu mzee, na "mwisho ngapi" zenu zimenifika hapa

Wakuu, naandika nimefura. Mzee alituachia Massey Ferguson 135, lile dogo jekundu la pistoni tatu. Ni la zamani, limenizidi umri, na bado linawaka. Tangu Januari nalitafutia mteja hapa Babati. Wateja hakuna, kuna waulizaji.

Mtu hajaliona, hajui lina plau au halina, salamu hana: "Mwisho ngapi bosi?" Nikimtajia ananyamaza siku nne, halafu anaandika neno moja: "Picha." Nimetuma picha mpaka kuku wa mama wanajulikana Dodoma.

Wa kwanza kufika kwa miguu yake alikuja na mizani. Mnunuzi wa vyuma chakavu! Analizunguka, anagonga bodi, anakadiria kilo. Nikaliwasha. Alivyoruka, ungedhani maiti imeinuka jenezani.

Dalali naye nimempa bei yangu, akapachika milioni mbili zake juu, kisha kila anayekuja ananiita mimi tapeli.

Ila hao wote afadhali. Kuna kaka yangu wa Dar, hajawahi kuchangia hata lita moja ya dizeli, anapiga simu usiku: "Mdogo wangu, hiyo ni kumbukumbu ya baba." Kumbukumbu inavuja oili, kaka! Njoo uichukue ukaiweke sebuleni kwako.

Nanyi mtakaorithi kesho, msilipake rangi. Anayejua trekta akiona rangi mbichi anaanza kutafuta ufa. Msiliwashe kabla mteja hajafika, maana fundi wake atatia mkono kwenye injini kwanza, na akiikuta ya moto anajua mnaficha tabu yake ya kuwaka asubuhi. Likitoa moshi wa buluu, linakula oili, semeni ukweli. Inueni plau, zimeni injini, mkaribishe mgeni chai. Plau ikigusa ardhi kabla kikombe hakijaisha, haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaoinua plau, imechoka, punguzeni bei wenyewe kabla hamjaaibishwa.

Na mirathi jamani, mirathi! Kadi ya trekta ina jina la marehemu, na marehemu hasaini. Nilipata mteja wa maana kutoka Hanang, hela mkononi, barua yangu ya usimamizi wa mirathi bado iko mahakama ya mwanzo. Alivumilia wiki tatu, akaenda kununua pawatila, kile kitrekta cha kuongoza kwa mikono. Sikumlaumu. Nilikaa juu ya tela nikala muwa peke yangu.

Sasa hivi liko chini ya mwembe, na betri mjomba aliiazima "mara moja tu" tangu Pasaka. Barua imeshatoka, kadi ninayo. Anayelitaka aje na fundi wake na betri yake. Atakayeanza na "mwisho ngapi" kabla ya "habari za huko", namtumia picha ya kuku.