Mrejesho: dirisha la paa kwenye gari langu, Toyota IST

Wakuu, niliwaomba ushauri nikitaka kukata paa la IST niweke dirisha la kufunguka. Asanteni mno. Nimemsikiliza aliyeniambia niachane na lile kubwa la umeme, niweke dogo la kunyanyua kwa mkono, likae katikati ya mbavu za paa (vyuma vinavyoliimarisha kwa ndani) bila kuzigusa. Fundi alipaka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo uliokatwa, ndipo akabandika mpira wa kuzuia maji.

Ila mvua ya kwanza, nikiwa kwenye foleni Jangwani, Dar, tone likanidondokea begani. Kona ya nyuma mpira ulijikunja. Tumeweka mwingine, tukamwagia ndoo tatu za maji kabla ya kurudisha kitambaa cha dari. Halivuji tena. Mlio wa upepo nikifika kilomita 80 kwa saa bado upo.