Vidole vya mwanangu vimeungana: nimwone daktari yupi, na lini?

MamaWawili_Kayole

Hamjambo wenzangu. Binti yangu, ambaye ametimiza miezi minane wiki iliyopita, alizaliwa kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia vikiwa vimeshikana kwa ngozi hadi karibu na kucha. Katika kliniki ninakompeleka kwa chanjo niliambiwa kwamba hilo si jambo la haraka, nirudi atakapokaribia kuanza shule. Nimengoja, lakini mwezi huu nimeona kidole cha pete kikianza kupinda kuelekea kile kifupi, na nikijaribu kukinyoosha taratibu kinarudi kulekule. Mama mkwe ameshauri tuvifunge kwa uzi kwenye ngozi iliyo katikati, kwa kuwa ndivyo kidole cha sita cha shemeji yangu kilivyoondolewa. Je, kungoja miaka mitano ni sawa? Na hapa Nairobi nimtafute daktari wa mifupa, wa ngozi, au yupi hasa?

BabaPacha_Umoja

Pole, Mama Wawili. Mwanangu mmoja alizaliwa na vidole vitatu vilivyoungana, kile cha shahada, cha kati na cha pete, nasi pia tulizungushwa kwa miezi kadhaa kabla ya kufika kwa daktari wa upasuaji aliyejifunza mahususi mambo ya mkono. Siku ya kwanza hata hakumshika mtoto. Alimwekea vipande vya biskuti mezani akakaa kimya akitazama anavyoviokota, kwa mkono upi na kwa vidole gani, kisha ndipo akaagiza picha ya eksirei ili ajue kama ni ngozi tu au na mifupa imeungana.

Alifanyiwa upasuaji mara mbili. Nilidhani ni njia ya kutuongezea gharama, hadi daktari aliponieleza kwamba kila kidole kina mshipa wa damu upande huu na upande huu, hivyo kidole cha kati hakipasuliwi pande zote mbili siku moja, kisije kikakosa damu kikafa. Jambo jingine ambalo hatukulitarajia ni kidonda cha kinena: vidole vikitenganishwa ngozi iliyopo haitoshi kuvizunguka, kwa hiyo kipande huchukuliwa mahali pengine na kupandikizwa. Alirudi nyumbani na bandeji iliyopita kiwiko, na bado alijaribu kuivua kwa meno.

Tiba_ya_Mikono

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya kazi, yaani ninawasaidia watu kutumia viungo vyao katika shughuli za kila siku, na huwapokea watoto hawa baada ya upasuaji, kwa hiyo nitaongeza machache.

Dada, usingoje miaka mitano. Huenda aliyekushauri alifikiria vidole vya kati na vya pete, ambavyo urefu wake unakaribiana na ambavyo mara nyingi hutenganishwa mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi miwili. Kwa binti yako mambo ni tofauti: kidole cha pete kinataka kurefuka, kile cha mwisho kinakizuia, na matokeo yake ndiyo huko kupinda unakokuona. Vidole vya pembeni kama hivyo, na vilevile gumba likiungana na kidole cha shahada, hushughulikiwa mapema zaidi, pengine kuanzia miezi sita.

Uzi usikaribie mkono huo. Ndani ya ngozi inayounganisha vidole mna damu na mishipa ya fahamu, na kuikata moja kwa moja huacha kovu linalokunjamana na kuvuta vidole. Ndiyo sababu daktari hupasua kwa mstari wa kwenda pembe kwa pembe, kama zigizaga. Hata kile kidole cha sita chenye kikonyo chembamba, ambacho wengi wetu tumeona kikifungwa uzi, huweza kuacha kinundu kinachouma kila kinapoguswa.

Kuhusu nani: upasuaji wa mkono hufanywa na madaktari wa mifupa au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile walioongeza mafunzo, kwa hiyo swali la kumwuliza ni amewatenganishia watoto wangapi vidole, na nani atamfuatilia baadaye, kwani ngozi ya katikati huweza kupanda tena kadiri mkono unavyokua. Omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Kenyatta, au ile ya CURE iliyoko Kijabe, inayoshughulikia watoto wenye matatizo ya viungo. Jina lolote utakalopewa mitaani, lihakikishe kwanza katika orodha ya Baraza la Madaktari, na ulizia kibali cha SHA, ile bima ya afya ya serikali, kabla ya kupangiwa tarehe.

MamaWawili_Kayole

Nawashukuru sana. Nimepata barua ya rufaa leo asubuhi na ninakwenda Jumatatu. Mama mkwe amekubali kuweka uzi wake kabatini, ingawa amenuna. Swali la mwisho: je, nimnyime titi asubuhi hiyo? Nimesikia mtoto hapaswi kula.

Tiba_ya_Mikono

Hiyo ni kwa siku ya dawa ya usingizi, ambapo kwa kawaida maziwa ya mama husimamishwa muda wa saa nne kabla ya dawa hiyo, nawe utaelekezwa wakati huo. Jumatatu ni ya kuonwa tu. Mnyonyeshe ashibe, maana foleni ni ndefu, na umbebee biskuti.