Tupeane uzoefu: Kuoka shingo za bata mzinga nyumbani hadi zilainike na kukolea viungo

Mwanzishaji mada, Kisauni

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Ndugu zangu, nimeileta mada hii kwa sababu naamini shingo ya bata mzinga haijapewa haki yake katika majiko yetu. Nyumbani kwetu ilikuwa ikitumbukizwa kwenye sufuria ya supu pamoja na firigisi na maini, na baada ya hapo hakuna aliyeiulizia. Mwezi wa Disemba uliopita nilipata shingo sita kwa mchuuzi wa kuku sokoni Kongowea, kwa kuwa mteja wake mmoja alikuwa amechukua vifua na mapaja peke yake, nikaona nizioke kama ninavyooka miguu ya kuku.

Nilizipaka thomu, tangawizi, bizari nyembamba na mafuta, nikazitia ndani ya oveni kwa nyuzi 200, nikazitoa baada ya dakika 50. Kwa nje zilikuwa na rangi nzuri ya hudhurungi, lakini nyama ilikuwa imeng’ang’ania mfupa kama mpira. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kutoka Lamu, aliitafuna mara mbili, akairudisha sahanini kwa heshima, kisha akaendelea kula chapati kwa kachumbari. Hakusema neno, nami niliumia kuliko kama angelisema.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Bata mzinga huinua na kuinamisha kichwa mchana kutwa, kwa hiyo nyama ya shingo ni nyama iliyofanya kazi, nayo imejaa kano na ule utando mgumu unaofunga pingili moja na nyingine. Nyama ya ndege huwa salama kuliwa joto la ndani likifika nyuzi 74, lakini shingo ikiishia hapo huwa imeiva bila kulainika. Kano zake zina kolajeni, yaani ile protini ngumu inayozipa uimara, na kolajeni haiyeyuki na kuwa jelatini, ule ute laini unaoganda kama jeli ukipoa, mpaka ikae muda mrefu katika joto lenye unyevu. Ukiianika shingo kwenye joto kavu tangu mwanzo, maji hukauka kabla kano hazijalegea.

Kwa hiyo mara ya pili nilizitia chumvi na viungo usiku, zikalala ndani ya friji. Asubuhi nilikata vitunguu maji viwili vinene nikavitandaza kwenye trei, nikazipanga shingo juu yake, nikamimina kikombe kimoja cha maji ya moto pembeni ili yasioshe viungo, nikafunika trei kwa foili nikiibana kingo zote. Nilizioka kwa nyuzi 160 muda wa saa mbili na nusu, nikaondoa foili, nikapandisha moto hadi 200 na kuziacha dakika 20 zaidi ili ngozi ishike rangi, nikizinyunyizia mchuzi wake mara mbili. Niliposhika shingo moja kwa koleo na kuiinua, ilijikunja yenyewe katikati, na pingili zikaanza kuachana. Nimeichukua hiyo kuwa dalili yangu, kwa maana saa ya ukutani haijui umri wa ndege uliyemnunua.

Sasa naomba wenzangu mlionunua, mliofuga na mliopika mtueleze mlivyofanya, hasa wasio na oveni.

Mkaazi wa Likoni

Wa alaikumu salaam, dada yangu. Mimi sina oveni wala sijaikosa. Bibi yangu alikuwa akipalia makaa juu na chini alipopika mkate wa kumimina, na njia hiyo hiyo ndiyo ninayoitumia kwa shingo. Nachukua sufuria nzito yenye kifuniko cha bapa, natandaza vitunguu na mbatata zilizokatwa vipande vinene, napanga shingo juu, natia maji kidogo yasiyofika kwenye nyama, kisha nafunika. Chini naacha makaa machache yaliyokwisha kushika majivu, na juu ya kifuniko naweka makaa mengi zaidi. Wengi hukosea hapo kwa kuukoleza moto wa chini, vitunguu vikaungua na ule uchungu wake ukapanda hadi kwenye nyama.

Kila baada ya nusu saa nafunua kwa uangalifu ili majivu yasianguke ndani, naangalia kama maji yamekauka, kisha naongeza kidogo. Huchukua muda wa saa tatu hivi. Mwishoni naondoa makaa ya chini kabisa, naongeza ya juu, nao huo moto wa juu peke yake ndio unaotia rangi. Mbatata zilizopikwa chini ya shingo hunywa mafuta na viungo vyote, na watoto wangu hugombania hizo kabla ya nyama.

Mama wa Tudor

Naomba niseme kuhusu kukata, kwa sababu mjukuu wangu aliwahi kukwamwa na kipande cha mfupa, tukahangaika naye kabla ya kukitoa. Shingo iliyokatwa kwa panga juu ya gogo huvunjika mifupa, na vile vichembe vidogo haviyeyuki hata ukipika kutwa nzima. Mwambieni muuzaji awape shingo nzima. Ukifika nyumbani, ikunje kwa mikono miwili, utahisi kwa kidole gumba mahali pingili zinapokutana, na kisu kizito kitapita hapo bila kuvunja kitu. Vipande vitatu kwa shingo moja vinatosha.

Pia iangalieni ile ncha ya juu, upande aliochinjiwa. Mara nyingi hubaki damu iliyoganda na kipande cha koromeo, navyo huleta ile harufu ambayo watu huilaumu wakidhani ndiyo harufu ya bata mzinga. Vikate vyote kabla ya kutia ndimu. Na kama shingo zimetoka kwenye barafu, ziyeyushe ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza, maana joto letu la mwezi wa Machi hupita nyuzi 30 na nyama haichelewi kuharibika.

Baharia mstaafu, Changamwe

Nilikuwa mpishi wa meli kwa miaka mingi. Huko Marekani, upande wa Louisiana, nilikuta shingo za bata mzinga zikichemshwa katika sufuria moja na kamba wa mtoni, mahindi na viazi, kwa pilipili nyingi sana. Wengine kule huzioka kwa vitunguu na mchuzi mzito uliotiwa unga wa ngano, wakala na wali. Niliwauliza siri yao, wakaniambia muda. Ninayoyasoma hapa ni yale yale.

Mpishi wa Mji wa Kale

Ndugu zangu, mmeacha nazi nje, nami siwezi kunyamaza. Kama kuku wa kupaka ni fahari ya mji wetu, basi shingo ya kupaka inastahili kukaa sahani moja naye, na kwa maoni yangu humpita, kwa sababu shingo ina mikunjo mingi ambamo tui hujificha.

Ninazioka nikiwa nimezifunika kama alivyoeleza mwanzishaji mada, kwa thomu, tangawizi, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, chumvi na ndimu. Siziachi ndani ya ndimu usiku kucha. Nusu saa inatosha, kwa kuwa ukali ukizidi nyama ya nje huwa kama unga huku ya ndani ikibaki vile vile. Zikishalainika nazitoa, na ule mchuzi wa kwenye trei nauchuja.

Pembeni nabandika tui zito la nazi mbili, natia manjano, chumvi, pilipili ya kusaga na ule mchuzi niliouchuja, kisha nakoroga bila kufunika na bila kuondoka jikoni, kwa moto mdogo, ili tui lisikatike. Likianza kuwa zito na kung’ang’ania mwiko, natia ukwaju kidogo mwishoni. Baada ya hapo nazipeleka shingo kwenye wavu juu ya makaa, nazipaka tui kwa brashi, nazigeuza, napaka tena, mara nne au tano. Tone la tui linapoanguka kwenye makaa, moshi wake hupanda na kuingia katika nyama, na jirani zangu hujua kabla sijawagongea mlango. Tui lililobaki namimina juu yake, nanyunyiza kotmiri, na kuandamanisha na mkate wa mofa.

Mfugaji wa Bamburi

Mimi nafuga bata mzinga, nataka kuongeza jambo moja tu. Dume mkubwa aliyepita mwaka ana shingo nene yenye nyama nyingi, lakini msimtarajie alainike kwa saa mbili. Mpeni tatu na nusu. Jike mchanga hulainika mapema, nanyi mkimpa muda wa dume nyama yake itaachana yote na kubaki mifupa kwenye mchuzi. Kwa hiyo usichanganye katika trei moja shingo nyembamba na nene, au zile nyembamba zitoe mapema. Muulize anayekuuzia, mfugaji mwaminifu hatakuficha umri.

Mwanzishaji mada, Kisauni

Nawashukuru sana. Jumamosi nilizijaribu shingo nne kwa njia ya Mji wa Kale, mbili kati yake zikiwa za dume kama alivyoonya kaka yetu wa Bamburi, nami nilizitenga katika trei mbili. Gesi iliniishia katikati zikiwa zimebakiza saa nzima, nikazihamishia kwenye sufuria na kupalia makaa kama alivyofundisha ndugu yetu wa Likoni, na kwa kweli hakuna aliyeweza kutambua tofauti mezani. Kuhusu pilipili mbuzi, naomba wenzangu mwitoe kabla hamjachuja, kwa maana yangu ilipasuka chujioni na tui likawa kali kwa watoto.

Mchuzi wa trei ya pili sikuutumia, niliutia katika bakuli ndani ya friji. Asubuhi niliukuta umeganda unatikisika kama jeli, na juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta ya manjano. Nimeukwangua mafuta, nikayahifadhi kwa kukaangia vitunguu, na ile jeli nimeiunga kwenye kunde za leo mchana.