Kipolandi: hii "dzie" ni silabi moja au mbili?

Mchambua Karafuu, Kizimbani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo, na Kipolandi najifunza kwa daftari, kwa kuwauliza wageni wenyewe. Juzi bibi mmoja alinunua pakiti mbili za karafuu za kumpelekea mama yake. Nikamuuliza mama ana umri gani, akaniandikia neno moja tu: *dziewięćdziesięcioletnia*. Mwenye miaka 90. Nikalisoma kama Kiswahili, kila irabu na silabi yake, dzi-e-wi-ęć… nikatoka na silabi 13. Bibi akanisogezea sikio, nikarudia, akasogea tena. Hakunielewa. Iliniuma, maana dakika chache nyuma nilisoma *goździkowy*, yaani "ya karafuu", goź-dzi-ko-wy, akanipigia makofi. Dzi ni ile ile. Mbona kule inahesabiwa na huku haihesabiwi?

Maalim wa Chake
Waalaykumu salaam mwanangu. Tazama herufi inayofuata hiyo *i*. Kwenye *goździkowy* inafuata *k*, basi *i* ndiyo irabu na silabi ni yake. Kwenye *dzie* inafuata *e*. Hapo *i* kazi yake ni kulainisha konsonanti tu. Wewe "nyanya" husemi ni-ya-ni-ya, sasa hiyo *nia* ya mwisho isome nya. Utapata dzie-więć-dzie-się-cio-let-nia. Saba. Mkazo uweke kwenye *let*, silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema karaFUu.

Tena lichambue kama karafuu na makonyo yake. *Dziewięć* ni 9, na 90 ni *dziewięćdziesiąt*, makumi tisa. Likiungwa na neno jengine, mwisho wake unageuka *dziesięcio*, na hiyo *o* ndiyo inayoshikiza. *Let* inatokana na *lata*, miaka. Mwisho wa neno unafuata jinsia: mwanamme *-letni*, mwanamke *-letnia*, na mtoto, kwa vile *dziecko* si la kike wala la kiume, *-letnie*. Ukichoka kuandika, andika *90-letnia*, wenyewe huandika hivyo.

Bi Kanga, Paje
Hiyo *o* kaka yangu iangalie sana, mimi imenitia hasara. Mteja aliniandikia anataka kanga *żółto-zielona*. Nikamfungia ya kijani cha ndimu changa, akairudisha. Kumbe kistari kikiwepo rangi ni mbili, manjano na kijani, kila moja na mahali pake kwenye kitambaa. Bila kistari, *żółtozielona*, ndiyo ile niliyompa mie: kijani kinachovutia manjano. Silabi tano kote kote, kwa sikio hutambui. Sasa mteja akinitajia rangi kwa mdomo, nafungua kanga mbili mezani aguse anayoitaka.

Mchambua Karafuu, Kizimbani
Maalim, Mungu akulipe. Nimelisema saba saba njia nzima ndani ya daladala mpaka Darajani. Jioni nikamrekodia yule bibi sauti, akanijibu kwamba mama yake kaisikia na kacheka kwa furaha. Mwezi wa tatu anatimiza 91 inshaallah, nataka nimpongeze. Hapo neno linakuwaje?

Maalim wa Chake
*Jeden*, moja, inageuka *jedno*, inaingia katikati: dzie-więć-dzie-się-cio-jed-no-let-nia. Tisa. Mkazo pale pale kwenye *let*.