Tupeane uzoefu: pikipiki ya zamani inazimika njiani, tatizo ulilikuta wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Nina Honda CG125 ya marehemu baba, zile za mwanzo za volti 6 na kontakti (vile vidude viwili vya chuma vinavyofunga na kufungua umeme wa plagi). Aliitumia kwenda kazini miaka yote ya ualimu wake, ndiyo maana siwezi kuiuza chuma chakavu. Inawaka kiki ya pili, inatembea vizuri kama dakika ishirini, halafu kimya, kama mtu kazima swichi. Ikipoa robo saa inawaka tena. Mafundi watatu wamefungua kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa, na wote watatu nimewalipa.

Kilichonisaidia ni plagi ya akiba mfukoni. Ilipozima karibu na Mkata, palepale, injini bado ya moto, nikachomoa kofia ya plagi, nikaichomeka ile ya akiba, nikaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Hakuna cheche. Nikasubiri, nikapiga tena: cheche hafifu ya njano. Baadaye kidogo ikawa ya buluu, ya kulia tap! Basi mafuta hayakuwa na kosa. Kondensa, kile kidude cha umeme kinachofanya kazi na kontakti, ilikuwa ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Nilifunga nyingine, nikapiga kontakti msasa laini na kuweka nafasi ya milimita 0.35 kati yake. Nimeenda Mikumi na kurudi Morogoro bila kusimama. Nilitoa machozi, sioni aibu kusema.

Wewe yako ilikuwaje?

Mdau, Moshi: Pole na hongera, mkuu. Yangu ni Yamaha DT175, na yenyewe haikuzima ghafla. Ilianza kukosa nguvu, ikakohoa mlimani, ndipo ikafa. Sikilizeni hapo: moto wa plagi ukikatika injini inanyamaza mara moja, mafuta yakikatika inalalamika kwanza. Siku moja nilifungua mfuniko wa tenki kuangalia kiasi, nikasikia fyuuu, hewa inaingia kwa nguvu. Kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko kilizibwa na rangi tulipopaka upya. Tenki likikosa hewa, petroli haishuki. Nilizibua kwa sindano ya kushonea. Wakati huo nilishanunua kabureta mpya, na iliniuma sana.

Mdau, Nakuru: Yangu ilikuwa inazima nikikata kona ya kushoto tu. Nilidhani ni petroli inayoyumba kwenye kabureta. Kumbe waya wa swichi ya kuzimia umesuguliwa kwenye shingo ya fremu hadi shaba ikaonekana, ukigusa chuma unaua moto. Jaribuni hivi: iwasheni ikiwa imesimama, mzungushe usukani polepole hadi mwisho, kulia na kushoto. Ikizima mkononi, mmeshapata pa kufungua.

Mdau, Tanga: Hewa ya chumvi huku imekula tenki langu kwa ndani. Unga wa kutu unaziba chujio la koki ya mafuta chini ya tenki, nasafisha, wiki mbili tu unarudi. Mwishowe nilitia nati na kokoto ndogo, nikalitikisa tenki mpaka mikono ikafa ganzi, nikasuuza kwa petroli.

Mwanzisha mada: Mkuu wa Moshi, nimetoka kuangalia mfuniko wangu sasa hivi. Kitundu kiko wazi. Mkuu wa Tanga, ulipomaliza kusuuza ulipaka kitu ndani, au uliliacha hivyohivyo? La kwangu nalo lina madoa mekundu pembeni.