MJADALA: Kufungwa kitambaa machoni ili "kumwelewa" asiyeona, tuendelee nalo au tuliache?

Ndugu zangu, kuna zoezi limeota mizizi kwenye semina na kwenye shughuli za Siku ya Fimbo Nyeupe, tarehe 15 Oktoba. Watu wanaoona wanafungwa vitambaa machoni, wanashikishwa fimbo, wanaambiwa watembee kutoka mlangoni hadi mbele ya ukumbi. Wanajikwaa, wanapapasa kuta, wengine wanatoka machozi. Kitambaa kikifunguliwa, mmoja anasimama na kusema sasa amejua wenzetu wanaishije, na ukumbi unapiga makofi. Wapo wanaotaka zoezi hili liwe la lazima kwa walimu wanafunzi, wauguzi, madereva na makonda. Mimi napinga. Natoa sababu zangu, na mwenye hoja tofauti ailete.

Wanaolitetea huegemea methali: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siipingi methali. Lakini aliyejinyoosha kitandani dakika kumi, mchana, akijua anarudi kulala kwake, hajakutana na kunguni wowote.

Tazameni kitambaa kinampa mtu nini hasa. Kinampa dakika za kwanza za kupoteza macho: hofu, kizunguzungu, kutojua mkono uende wapi. Mama yangu mdogo haoni tangu utotoni na hofu hiyo hana. Noti zake anazikunja kila moja kwa mkunjo wake, anajua chungu kimeiva kwa mlio na harufu, anajua gari limefika kituo gani kwa kona zilizopita. Huo ni ujuzi wa miaka, na aliyefungwa kitambaa asubuhi hii hana hata chembe yake. Sasa muulizeni mama mdogo kinachomuumiza. Ni muuzaji anayemgeukia aliyefuatana naye na kuuliza "Anataka nini?" wakati hela anayo yeye mkononi. Ni konda anayemdaka mkono na kumvuta kabla hajasema anakwenda wapi. Ni watu wanaompazia sauti kama kwamba hasikii. Hayo yote hayamo kwenye zoezi. Ukumbini yule mwenye kitambaa anaongozwa kwa upole na anashangiliwa, na kila mtu anajua kuwa ni mkuu wa idara fulani. Zoezi limegusa macho yake tu. Jinsi watu wanavyomchukulia imebaki ilivyokuwa.

Hili si wazo langu peke yangu. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, akiwemo Arielle Silverman, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe haoni, walichapisha majaribio yaliyopima jambo hilihili. Waliojifanya hawaoni kwa muda walitoka wakiwaona wasioona kuwa na uwezo mdogo zaidi wa kufanya kazi na kujitegemea, kuliko wale ambao hawakufanya zoezi hilo walivyowaona. Fikirieni mwajiri au mwalimu anayetoka semina na imani hiyo, halafu Jumatatu anakaa kwenye usaili, au anaamua mtoto fulani apewe nafasi darasani au la. Huruma amepata, na kwa huruma hiyohiyo atamfungia mtu mlango.

Kuna mtu ambaye wengine watamtaja kama mfano dhidi yangu, kwa hiyo nimtaje mwenyewe. John Howard Griffin, mwandishi mzungu wa Texas, mwaka 1959 alimeza dawa na kukaa chini ya taa maalumu hadi ngozi yake ikawa nyeusi, kisha akasafiri wiki kadhaa katika majimbo ya Kusini mwa Marekani akichukuliwa na kila mtu kuwa Mweusi. Alichoandika kiliwashtua wazungu wengi, na baadhi ya watu wa mji wake walimtishia hadi akahama na familia yake. Kwa nini kujigeuza kwake kulifundisha kitu? Kwa sababu uwezo wake haukuguswa. Alikuwa yuleyule, na akili ileile na elimu ileile. Kilichobadilika ni macho ya waliomtazama. Alijifunza habari za wazungu wenzake: nani anakunyima choo, nani anakunyima kazi, nani anakutazama kwa chuki kituo cha basi. Kitambaa cha semina kinafanya kinyume kabisa, kinaondoa uwezo na kuacha heshima palepale.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Griffin huyohuyo aliwahi kuwa kipofu. Aliumia vitani, akaishi miaka bila kuona, akarudiwa na macho mwaka 1957, kabla ya safari ile. Katika miaka yake ya upofu alifuga mifugo, aliandika riwaya, alioa. Na baadaye, alipoona anaitwa kila mahali kuwaeleza wazungu habari za Weusi, yeye mwenyewe alisema haina maana mzungu kuwasemea watu wenye sauti zao. Hapo ndipo namheshimu zaidi.

Nisieleweke kwamba nachukia maigizo. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha TUSEME, ambapo wasichana wa sekondari huchunguza matatizo yao wenyewe, huyatungia mchezo na kuuigiza mbele ya shule na jamii, kisha mjadala unafuata. Msichana anavaa nafsi ya mwalimu au ya baba, nao waliokaa pale wanajiona. Angalieni nani ameshika kalamu: mwenye tatizo ndiye aliyetunga, ndiye anayeamua nini kioneshwe. Kwenye zoezi la kitambaa, mara nyingi asiyeona amekaa kiti cha mgeni rasmi akisubiri kupewa fimbo.

Hoja nzito dhidi yangu naiona hii: yapo maonesho ya gizani, kama yale yaliyoanzia Frankfurt mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo wanaoongoza wageni ndani ya giza ni wasioona wenyewe. Pale mgeni anatoka akiwa ameona ustadi wa kiongozi wake, si udhaifu wake mwenyewe peke yake. Hilo nalikubali. Lakini linahitaji asiyeona awe mwalimu, alipwe kama mwalimu, na mipango yote ipite mikononi mwake. Semina ngapi zinafanya hivyo?

Kwa muda na fedha zilezile napendelea njia rahisi zaidi: kuuliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wenye majaribio 25, ulikuta kwamba kujaribu kujiweka kwenye nafsi ya mwingine hakukumfanya mtu akisie vizuri zaidi mawazo au hisia za mwenzake, hata mwenzi wake wa ndoa. Kilichosaidia ni kuzungumza naye. Makonda wapewe saa mbili na wasioona wanaopanda magari yao kila siku, waambiwe: sema jina la kituo, subiri nishike mkono wako mimi, usinivute. Wauguzi waambiwe: niambie unachotaka kufanya kabla hujanigusa. Tunayo pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Semina iisome, wakaguzi watoke na mtu mwenye fimbo au wa kiti cha magurudumu wakapime milango, mitaro na ngazi za ofisi zetu.

Sasa naomba majibu. Msioona, mmewahi kushirikishwa kupanga zoezi hili, na likiwepo mnajisikiaje? Walimu mliolifanya darasani, wanafunzi waliwatendeaje wenzao wasioona baada ya hapo, katika michezo, katika kupanga madawati? Na mnaosema bila kitambaa watu hawaguswi, nionesheni kitu kimoja kilichobadilika mahali penu mwezi mmoja baada ya semina.