Maneno ya Kuwaaga Vijana wa Kidato cha Mwisho

Baba Mdogo: Shikamoo Baba, shikamoo Dada, na wengine wote habari za jioni. Mkuu wa shule amenikabidhi kazi ya kuandika maelezo mafupi ya kila kijana wa kidato cha mwisho katika bweni ninalolilea, ili yasomwe siku ya mahafali, baada ya Misa ya shukrani na kabla ya kutolewa vyeti. Ninacho mbele yangu kijitabu cha mahafali yaliyopita, na humo vijana wote wamekuwa mtu mmoja: kila mmoja ana nidhamu, ni mcha Mungu na anashirikiana vyema na wenzake. Sitaki vijana wangu waondoke na maneno ya aina hiyo, kwa hiyo naomba ushauri wenu.

Babu: Marahaba mwanangu. Hayo uliyoyasoma yangeweza kubandikwa kwa kijana yeyote wa shule yoyote. Nilipokuwa nafundisha tulikuwa na kipimo kimoja tu: unafunika jina, unawasomea wenzake, na kama hawajamtambua kabla ya sentensi ya tatu karatasi inarudi kwa aliyeiandika.

Shangazi: Marahaba mdogo wangu. Tuonjeshe mmoja, bila kumtaja jina, nasi tutakuambia kama tunamwona.

Baba Mdogo: Nianze na kiongozi wa watumikiaji wa altare. Nimeandika hivi: "Huamka kabla ya kengele ili makaa ya chetezo yawe yameshika moto vizuri, na akianza kukizungusha, safu ya mbele hukohoa hadi wimbo wa mwanzo unapokwisha. Padre amemwomba mara nyingi apunguze ubani. Hujibu 'ndiyo, Padre' kwa unyenyekevu mkubwa, na Jumapili inayofuata moshi ni uleule."

Mama: Shemeji, huyo nilikaa mbele yake siku ya wazazi, na kitambaa changu cha kichwa kilinukia ubani hadi nilipokifua! Hata kama ungefunika jina kwa blanketi ningemtambua.

Mjomba: Jamani, nami nina neno. Mama wa kijana huyo atakuwa amekaa ukumbini pamoja na wageni, na huenda amesafiri mbali ili amsikie mwanawe akisifiwa. Je, ni busara kumwambia kwamba mwanawe hamsikilizi Padre? Mimi ningependelea kijana asemwe vizuri, hata kama maneno yenyewe ni ya kawaida.

Babu: Swali lako ni zuri, Mjomba, nalo lina historia. Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle, padre wa Ufaransa aliyeanzisha shirika la mabruda walimu na kufariki mwaka 1719, pamoja na mabruda wake waliwaandikia walimu mwongozo, na mwongozo huo ulimtaka kila mwalimu, mwaka wa masomo ukielekea ukingoni, aandike daftari la wanafunzi wake pamoja na sifa zao njema na mbaya, kwa kadiri alivyowaona mwaka mzima. Humo mtoto aliweza kuelezwa kwamba ni mwepesi wa akili lakini mtundu, au kwamba hachelewi shuleni lakini ibada yake ni haba. Ila daftari lile lilikuwa la msimamizi wa shule na walimu wake, wala halikusomwa mbele ya wazazi. Kwa hiyo mwanangu anahitaji jicho la yule mwalimu wa zamani, lakini ajue kwamba anaandika kwa ajili ya masikio mengine.

Mjomba: Nimekuelewa, Mzee. Basi mpaka uwekwe wapi?

Babu: Tabia ambayo wenzake huitaja wakicheka naye, akiwepo, iandikwe. Lile wanalolisema akishaondoka liachwe. Na mambo ya nyumbani kwake, kama vile ada iliyochelewa, wazazi waliotengana au ugonjwa, yasiguswe hata kwa fumbo.

Shangazi: Mimi nitamwongezea Baba kwa mfano wa Don Bosco, yule padre wa Italia mlezi wa vijana, kwa sababu watu humsimulia kama mwanzilishi wa shule na mabweni, wakasahau kwamba aliketi akaandika habari za wanafunzi wake mwenyewe. Mwaka 1859 alitoa kitabu cha maisha ya Dominiko Savio, mwaka 1861 cha Michele Magone, na mwaka 1864 cha Francesco Besucco, kijana mchunga mifugo aliyetoka milimani. Wote watatu walifariki wakiwa wadogo, kwa hiyo hali yao si hali ya vijana wako wanaoondoka wazima na wenye furaha, lakini namna yake ya kuwatazama ndiyo ninayokutaka uichukue. Magone alimkuta kituo cha treni cha Carmagnola akiongoza kundi la watoto watundu, na kijana akajitambulisha kuwa ndiye jenerali wa michezo. Don Bosco hakulificha jambo hilo hata kidogo. Aliliweka mwanzoni kabisa, na kwa sababu hiyo msomaji anamwamini anapofika kwenye sala za kijana huyo.

Kaka Mkubwa: Shangazi, hata Savio mwenyewe, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1954, tulifundishwa kwamba alisimama na msalaba mkononi kati ya wenzake wawili waliokuwa tayari kupigana kwa mawe. Nimesahau sifa zake nyingi tulizokariri darasani, lakini mawe yale sijayasahau.

Shangazi: Na kuna jambo jingine ninalolipenda zaidi. Katika baridi ya Januari alionekana amelala na shuka jepesi kwa kutaka kujitesa, na Don Bosco akamkataza. Mlezi anayemsifu kijana huku akikumbuka pia siku aliyomwambia "hapana" ni mlezi aliyemwona kwa macho yake.

Baba Mdogo: Asante, Dada, kwani umenifikisha kwa kijana aliyekuwa ananisumbua kalamu. Huyu aliadhibiwa kwa kuwanyoa wenzake nywele bwenini bila ruhusa, akaadhibiwa tena, na hatimaye akapewa ruhusa kwa sababu ilionekana wazi kwamba adhabu haitamzuia. Vichwa vya mwanzo vilitoka na ngazi zisizotarajiwa, lakini siku hizi hata bruda mwangalizi wa bweni hukaa kwenye kiti chake. Nilikuwa nataka kuandika tu kwamba ana moyo wa kujitolea.

Kaka Mkubwa: Baba Mdogo, ukiandika "moyo wa kujitolea" nitakuja mahafali nikanushe hadharani. Andika ngazi!

Mama: Nami nauliza: yule kijana Mwislamu wa bweni lenu, rafiki wa mwanangu, utamwandikaje? Likizo iliyopita alikuja kwetu, na adabu yake ilinifurahisha sana.

Baba Mdogo: Nimeanza hivi, Shemeji: "Ingawa si Mkatoliki, amehudhuria sala za jioni kwa utulivu unaowapita wengi, na wimbo wa Bikira Maria, Salve Regina, anaujua kwa moyo."

Shangazi: Hapo nitakupinga, mdogo wangu. Kwa maneno hayo umemweka mlangoni mwa kanisa kana kwamba anasubiri kubatizwa, na wazazi wake waliomleta kwenu kwa imani watasikia hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu malezi ya Kikristo, ulizitaja kuwa zenye thamani kubwa kwa Kanisa zile shule za Kikatoliki zinazosomwa pia na wanafunzi wasio Wakatoliki. Kijana huyo si mgeni wa kuombewa radhi kwa neno "ingawa". Je, wenzake wanamjua kwa lipi?

Baba Mdogo: Kwa orodha ya zamu za usafi. Ameitunza kwa haki ya kutisha, kiasi kwamba hata rafiki yake mpenzi hakuwahi kuponea zamu ya vyoo, na rafiki huyo, Shemeji, ni mwanao.

Mama: Kumbe ndiyo maana nyumbani siku hizi anasugua bafu bila kuambiwa! Tafadhali liandike hilo, na umwongezee na funga yake ya Ramadhani kama unaona inafaa.

Baba Mdogo: Nitaitaja kwa sentensi moja, kwamba alifunga huku akicheza mpira wa jioni na hakuomba kupumzishwa, kwa kuwa wenzake walikuwa wakimshangaa kwa hilo. Salve Regina naiondoa. Lakini sasa nifike kwenye shida yangu kubwa. Nina kijana mmoja ambaye ripoti zake zote, tangu kidato cha kwanza, zinasema "anaendelea vizuri". Hajawahi kuwa kiranja, hayumo kwenye kwaya wala kwenye timu, hakuadhibiwa, hakupewa tuzo. Nimewauliza walimu wenzangu, na kila mmoja amenijibu kwamba ni kijana mzuri, kisha akanyamaza.

Mjomba: Huyo basi ndiye umwandikie yale maneno ya kawaida. Hana la kulalamika.

Babu: Hapana, Mjomba. Huyo ndiye atakayejua zaidi ya wote kwamba ameandikiwa maneno ya watu wengine, kwa sababu amezoea. Mwanangu, waache walimu. Nenda kwa mpishi, kwa mlinzi wa lango, kwa mtunza maktaba na kwa muuguzi wa zahanati ya shule. Mwalimu humwona kijana akiwa amekaa na kutazama ubao, ilhali hao humwona akitembea. Waulize pia vijana wa kidato cha kwanza, maana wao huwachunguza wakubwa wao kuliko tunavyodhani.

Baba Mdogo: Nitafanya hivyo kesho, Baba. Usiku mwema nyote.

*Siku iliyofuata, jioni*

Baba Mdogo: Shikamoo Baba. Nimewazungukia wote uliowataja. Mpishi alimkumbuka kwa kurudisha sahani za watu wengine, na mlinzi hakuwa na la kusema. Muuguzi ndiye aliyenifungulia mlango. Anasema kwamba kila kijana anapolazwa zahanati, huyu hufika baada ya masomo ya jioni, haulizi mengi, anaacha karatasi alizonakili darasani kwa somo moja baada ya jingine, kisha anaondoka. Nilikwenda kuyatazama madaftari ya waliougua muhula huu, na mwandiko wake umo ndani ya karibu yote: herufi ndogo zilizolala upande wa kushoto, michoro ya bayolojia iliyopigwa rula, na pembeni ameandika kwa penseli "hapa sikuelewa, muulize mwalimu". Nimekuwa nikiusahihisha mwandiko huo katika madaftari ya wengine bila kujiuliza ni wa nani.

Shangazi: Hilo la penseli lisikose.

Babu: Na usilipambe, mwanangu. Usimwite malaika wala Msamaria mwema. Taja karatasi, taja herufi zilizolala, taja penseli, halafu uketi. Waliolazwa watajua, nao ukumbini hawatakuwa wachache.

Mjomba: Nakubali nimeshindwa kwa huyo. Ila bado nashauri kila maelezo yasizidi dakika moja ya kusomwa, maana wageni wana njaa na hotuba za viongozi zipo palepale.

Baba Mdogo: Ushauri wako naupokea kwa mikono miwili, shemeji yangu. Na kabla Mama wa nyumba hajaniuliza, niseme mapema kwamba mtoto wetu sitamwandika mimi. Bruda anayefundisha hesabu ndiye atakayemwandika, ili pasiwe na upendeleo.

Mama: Nilikuwa naelekea hukohuko, Shemeji. Basi mwambie Bruda kwamba mwanangu alipata alama za juu za fizikia, kwamba ni msomaji wa somo la kwanza kwenye Misa za sikukuu, na kwamba tangu utotoni hakuwahi kunijibu vibaya.

Kaka Mkubwa: Mama, ukifunika jina hapo, ni mtoto wa kila mama! Bruda aambiwe kwamba huyu alisoma jina la Nebukadneza mbele ya Askofu kwa vipande vinne, akasimama, akameza mate, akarudia, na safari ya pili akaongeza kipande cha tano.

Babu: Nilikuwepo. Askofu mwenyewe aliinamisha kichwa ili asionekane akicheka.

Shangazi: Wifi, ukubali tu. Hilo linampendezesha kuliko alama za fizikia.

Baba Mdogo: Bruda anahitaji maelezo hayo kabla ya Ijumaa, kwa hiyo kila mmoja amtumie jambo moja tu alilolishuhudia mwenyewe.

Mama: La kwangu nitamtumia leo. Lakini la Kaka Mkubwa lipite kwangu kwanza, nilisome, ndipo liende kwa Bruda.